Chumba cha Mita Mbili na Nusu

6 Januari

Mdogo wangu Kapteni,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima na bahari imetulia. Huku hatujambo. Cherehani yangu kubwa ilikata roho wiki iliyopita, ikafufuka baada ya shemeji yako kuipiga kofi, na tangu siku hiyo anajiita daktari. Kibanda chake cha kufuli kinaendelea vizuri. Juzi aliitwa shuleni kufungua kabati la mwalimu mkuu lililopoteza ufunguo, akalifungua mbele ya walimu wote, ndani wakakuta mto na shuka. Mwalimu mkuu akaapa si vyake. Binti yetu muuguzi amehamishiwa wodi ya watoto, anakusalimu. Ananicheka kwa kuandika barua, eti siku hizi watu wanazungumza huku wanaonana. Nimemwambia simu yako ikifika katikati ya maji inakuwa jiwe tu, lakini barua inakusubiri bandarini kwa adabu.

Sasa kaa chini nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Tunakuja. Mwaka huu mimi na shemeji yako tunatimiza miaka thelathini ya ndoa, na unakumbuka fungate yetu ilidumu siku tatu, kisha zikaletwa sare mia mbili za shule nikarudi kwenye cherehani na hina bado mbichi mikononi. Binti yetu kasema deni hilo la raha lazima lilipwe, katukatia safari ya siku sita kwa meli, mwezi wa nane. Wakala wa safari alitutajia meli tatu. Nilipoisikia yako, hizo nyingine sikuzisikiliza tena. Nikamwambia msimamizi wa wahudumu wote wa ukumbi wa kulia ndani ya meli hiyo ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Akaliandika hilo kwenye daftari lake.

Kwa hiyo nieleze. Nguo gani zinavaliwa jioni? Shemeji yako anauliza mlango wa chumba unafungwa kwa kufuli la aina gani na ufunguo wa akiba anakaa nao nani. Mimi nataka vipimo vya chumba, urefu na upana. Unanijua, siingii mahali bila kupima.

Mama angekuwa hai, mtaa mzima ungekuwa umeshapata habari kabla mimi sijafunga bahasha. Yeye ndiye aliyekubandika jina la Kapteni, na sasa mimi nitakwenda kukuona kwa niaba yake, kwa macho yangu.

Dada yako


9 Februari

Dada,

Shikamoo, na shikamoo kwa shemeji. Barua yako ilikaa ofisini bandarini wiki mbili kwa sababu tulichelewa kutia nanga. Mimi mzima. Mgongo unasumbua kidogo, si jambo la kutisha. Nimecheka sana habari ya mwalimu mkuu, mwenzangu akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Kuhusu safari, hongereni sana kwa miaka thelathini. Ila nikushauri kama ndugu. Mwezi wa nane bahari huwa na hasira. Wageni wengi hutapika, na wewe tangu utotoni ukipanda hata bembea unageuka rangi. Halafu meli hii imezeeka. Zipo mpya zenye mabwawa mawili ya kuogelea, wakala akubadilishie. Nami sina hakika kama mwezi wa nane nitakuwapo, maana kuna maneno ya kuhamishwa. Kwa nini msiende mahali pa nchi kavu, penye hoteli tulivu?

Hayo mengine uliyouliza nitayajibu nikipata nafasi. Kazi ni nyingi.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, binti yetu pia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani unanijali. Ya pili nikadhani una haraka. Ya tatu nikaelewa kwamba hutaki tuje.

Nisikufiche, imeniuma. Miaka kumi na tisa uko huko na umekuja nyumbani mara mbili. Unafika na shati jeupe lililonyooka kama karatasi, unagawa zawadi, siku ya tano umeondoka. Mama alipofariki ulituma salamu za rambirambi, ukasema cheo chako hakiachiki. Wajomba walisema mengi, mimi nikanyamaza. Sasa nauliza jambo moja tu. Unatuonea haya? Unaogopa kwamba fundi wa sare na fundi kufuli watakaa kwenye meza zako na kushika uma vibaya mbele ya watu unaowasimamia? Kama ni hivyo, sema. Tutakaa pembeni na hatutakuita kwa sauti.

Tiketi haibadilishwi. Nitumie vipimo vya chumba, basi. Hilo haliwezi kukudhuru.

Dada yako


30 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba radhi, na naomba uamini neno hili moja hata kama mengine huyaamini: sijawahi kuwaonea haya ninyi. Hata siku moja. Ulipoandika hivyo nilishindwa kula.

Njooni. Vipimo hivi hapa, nimepima mwenyewe. Chumba kina mita mbili na nusu kwa mita tatu. Kitanda ni sentimita sabini na tano upana. Mlango unafungukia ndani, kwa hiyo mmoja akiingia mwingine akae kwanza kitandani. Viatu mvitundike, msiviache chini, usiku vinatembea. Mkiamka msinyanyuke haraka, mtagonga kichwa. Mchukue saa ya mkononi, maana humo ndani huwezi kujua kama kumekucha. Pamba ya masikio ni muhimu kuliko viatu vizuri. Nguo za jioni: vaeni zisizo za kitani. Kitani kinakunjamana ukikitazama tu, na doa la mvinyo kwenye kitani halitoki bila maji baridi na chumvi ndani ya dakika kumi.

Kufuli ni la kadi, mwambie shemeji. Hakuna ufunguo.

Msalimie binti yetu. Mgongo hivyo hivyo.

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa watu waliokaa melini siku nne bila kutoka sebuleni kwao. Binti yetu yuko zamu za usiku, mzima. Cherehani inafanya kazi, daktari wake anazidi kuvimba kichwa.

Barua yako ilipofika nilichukua tepu na chaki ya kukatia nguo, nikasogeza makochi, nikachora chumba chetu sakafuni. Mita mbili na nusu kwa mita tatu. Nikachora kitanda na mlango unaofungukia ndani. Nikamwambia shemeji yako tutakaa humo kuanzia Jumapili hadi Jumatano ili mwili uzoee, na atakayevuka mstari bila kufungua mlango ameanguka baharini. Alianguka mara tisa siku ya kwanza. Tulipofika kwenye habari ya kugonga kichwa akauliza, kichwa nitagonga wapi? Nami sikujua, nikaweka ubao wangu wa pasi juu ya viti viwili, juu ya pale anapolala. Aligonga.

Jumatatu tulicheka. Jumanne hatukucheka. Nilipotaka kugeuka ilibidi yeye akae, alipotaka suruali ilibidi mimi nisimame mlangoni. Tulifunga mapazia kwa sababu ulisema humo hakujulikani kumekucha, na kufika mchana tulikuwa tunajibizana kama watu wanaodaiana. Jumatano shemeji yako akatoka nje ya chaki, akasimama, akasema, "Mke wangu, binti yetu katupeleka jela kwa nia njema." Akasema haendi.

Nikamkimbilia wakala. Akanitolea kijitabu chenye picha na ramani. Chumba chetu kina mita tatu na nusu kwa mita sita. Kina dirisha. Kina kitanda cha kulala watu watatu wanene. Nikamwambia mdogo wangu amenipimia kingine, naye ndiye msimamizi. Akasema labda amekosea.

Mimi nimeshika tepu tangu nina miaka kumi na sita. Mtu akikosea, kipimo kinapishana vidole viwili, vitatu. Hakipishani nusu ya nyumba. Ukiona namba zimepishana hivyo, ujue mtu kapima kwa uangalifu kabisa, ila kapima kitu kingine. Na wewe hata mahali pa kutundika viatu unapajua.

Kile ni chumba cha nani? Sitauliza mara ya pili. Ukitaka, jibu. Usipotaka, tutakuja vilevile na nitakukumbatia vilevile.

Dada yako


25 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Ni chumba changu. Tunalala wawili, mmoja juu, mmoja chini. Mimi nalala chini kwa sababu ya mgongo. Kwa kweli upana wake ni mita mbili. Hiyo nusu niliiongeza mimi, nikidhani cha wageni lazima kizidi kidogo. Sijawahi kuingia chumba cha mgeni, Dada. Haturuhusiwi kupanda huko.

Mimi ni dobi. Tangu siku ya kwanza mpaka leo. Nafua na kupiga pasi mashuka, taulo na vitambaa vya meza, chini kabisa, chini ya usawa wa maji. Mashine ni kubwa na joto lake ni la tanuri. Ukumbi wa kulia naujua kwa madoa yake. Najua jana walikula nini na nani kamwaga mvinyo, lakini sijui viti vyake vina rangi gani. Bahari naiona siku tukiwa bandarini.

Barua yangu ya kwanza kabisa nilimwandikia Mama kwamba nashughulika na meza za wageni. Nilidhani si uongo mkubwa. Akaisoma kwa majirani, na majibu yake yalipokuja nilikuwa nimeshakuwa mhudumu. Mwaka wa tatu akauliza kama sijapandishwa cheo bado. Nikajipandisha. Baada ya hapo ningeshukaje? Nilikuwa nakuja siku tano kwa sababu siku ya sita mtu huanza kuuliza maswali ya kina.

La Mama ndilo linalonila. Niliomba ruhusa ya kuja kumzika. Nikaambiwa msimamizi wa wahudumu angepewa, dobi akishuka ndiyo basi, kazi ina mtu mwingine. Nikaogopa, nikabaki. Kisha nikawaandikia kwamba cheo hakiachiki, kwa sababu ilikuwa rahisi mniite mwenye majivuno kuliko mjue. Siku hiyo nilipiga pasi mashuka mia nne na sikumbuki hata moja.

Sasa unajua. Kama mtabadilisha meli nitaelewa.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunakohoa kidogo kwa vumbi, basi.

Nilikasirika siku mbili nzima. Nilishona mikono ya mashati kwenye shingo, nikafumua, nikashona tena. Shemeji yako alikaa mbali na mimi kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua. Siku ya tatu nilijua nakasirikia nini, na si ufuaji. Mimi nakula kwa kushona nguo za watu, nimdharau vipi anayezifua? Nimekasirika kwa sababu ulikuwa unaumia na ukaninyima nafasi ya kukuonea huruma. Miaka kumi na tisa nimeringia mdogo wangu wa kwenye barua, na yule aliyelala kwenye mita mbili hakuwa na dada.

Na kuna langu pia. Nilikuandikia kwamba wajomba walisema, mimi nikanyamaza. Si kweli. Siku ya mazishi nilisimama mlangoni mbele ya watu wengi nikasema, "Huyu keshajiona mkubwa, hata udongo wa mama yake haumhusu." Nimelibeba neno hilo miaka minne na sikujua lilikuwa zito hivi mpaka ulipoandika juu ya mashuka. Nisamehe.

Shemeji yako nimemwambia yote, nisingeweza kumficha mtu niliyelala naye ndani ya chaki. Aliuliza, "Sasa mgongo wake nani anamkanda?" Huyo ndiye shemeji yako.

Meli hatubadilishi. Niambie tutakuona wapi na saa ngapi.

Dada yako


8 Julai

Dada,

Shikamoo kwenu wote wawili. Barua yako naikunja ndani ya sare, kifuani. Neno la mlangoni nimelisamehe kabla sijamaliza kulisoma. Ningekuwa mimi ningesema baya zaidi.

Ndani ya meli hatutaonana. Mgeni hashuki kwetu, na mimi nikionekana kwenye ukumbi wenu nitafukuzwa. Lakini siku ya nne tunatia nanga kutwa nzima, na kitengo chetu kinapewa mapumziko ya saa mbili na nusu, kuanzia saa nne asubuhi. Nisubirini nje ya geti la wafanyakazi, karibu na ofisi ya forodha. Nitawatembeza mji. Kuna soko zuri la vitambaa, utalipenda, na kuna mnara ambao ukipanda unaona pwani yote. Nimeshapanga kila dakika.

Mdogo wako


22 Agosti

Mdogo wangu,

Tumefika salama, mizigo yote ipo, na shemeji yako bado anatafuta mahali pa kuchomeka kadi kwenye mlango wetu. Binti yetu anataka picha. Zipo nyingi za baharini.

Nikuambie tulivyoishi humo. Usiku wa kwanza nililala juu ya shuka nikaanza kulishika pindo kwa vidole, lilivyokunjwa, lilivyonyooka. Nilikuwa nafahamu kabisa mkono uliolipitia. Asubuhi tukakuta karatasi inayosema taulo ukitaka lifuliwe litupe sakafuni. Nilimwambia shemeji yako akitupa taulo sakafuni atarudi nyumbani akiogelea. Tumetumia taulo moja kila mtu siku sita. Yule mhudumu wa chumba chetu, kijana mpole, alianza kututazama kwa wasiwasi, nadhani aliamini hatuogi. Mezani shemeji yako alikula ameinama juu ya sahani kama anayefungua kufuli dogo, asidondoshe tone. Jirani yetu alipomwaga mchuzi, mimi nilimkazia macho hadi akaomba radhi, maskini, asijue kosa lake.

Sasa ile siku ya nne. Tangu tulipoachana pale getini umeniandikia kikaratasi kimoja na ndani yake umeomba radhi mara tano. Basi sikiliza.

Ulitoka getini na shati lako jeupe nikakujua kwa mwendo kabla ya uso. Umekonda. Ulinikumbatia, ukamkumbatia shemeji yako, ukasema twendeni, muda ni mdogo, soko liko kushoto. Ukaketi kwenye lile benchi la zege ufunge kamba ya kiatu. Kamba ya kwanza uliifunga. Ya pili hukuifikia. Kichwa kilikuja polepole mpaka begani kwangu, nikadhani unalia, kumbe umelala.

Shemeji yako akataka kukuamsha, nikamzuia kwa jicho. Jua lilipogeuka akasimama mbele yako, akafungua kijitabu cha matembezi tulichopewa melini akakukinga nacho uso, na akasimama hivyo mpaka mkono ukachoka, akabadilisha mkono. Basi la wageni wenzetu likapita, wakatupungia wakienda mnarani. Mimi nilikuwa nimekushika mkono. Nimeona alama za mashine kwenye kiganja na kwenye kifundo, za zamani na za juzi. Nilizihesabu mpaka nikaacha. Ulilala saa moja na dakika hamsini. King'ora kilipolia uliruka, ukatazama saa, ukaanza kuomba radhi kwamba hatukuona kitu, na ukaendelea kuomba mpaka geti likafungwa.

Mdogo wangu, ule mji ningeupata kwenye picha. Tangu ukiwa mdogo, nilipokuwa nakubeba mgongoni Mama akiwa kazini, sijawahi kukuona umelala. Hukuwa na la kunificha saa hiyo. Ile ndiyo fungate yangu, na shemeji yako anasema ni yake pia.

Sasa naomba. Mkataba wako unakwisha mwezi ujao wa tisa, ulisema mwenyewe ukiwa unafungua macho. Usiongeze mwingine. Usije na zawadi, usije na cheo, usije na maelezo. Chumba cha uani kina dirisha na nimekipangusa. Kazi ipo, mtaa huu una watu wengi wachafu. Rudi ukae hata siku ya sita.

Dada yako


11 Septemba

Dada,

Shikamoo, na shikamoo kwa shemeji, mwambie mkono wake nimeambiwa habari zake.

Jana waliniletea karatasi ya mkataba mpya. Niliisoma yote, nikamrudishia karani kalamu yake. Akaniuliza kama nimepata kazi nzuri zaidi. Nikamwambia hapana, nimeitwa nyumbani. Mwenzangu wa kitanda cha juu amenipa mkono, akasema sasa atahamia chini.

Nitafika Jumanne ya tarehe ishirini na tisa kwa basi la asubuhi. Msije na watu wengi kunipokea. Majirani wakiuliza nilikuwa nafanya kazi gani, waambie ukweli, au niachieni niwaambie mimi.

Ila kabla ya chakula, kabla sijaweka hata begi, naomba unipeleke alikozikwa Mama. Nina miaka kumi na tisa ya kumweleza, na nataka uwe umesimama karibu, nisije nikaanza tena na habari za meza.

Mdogo wako